Pangaboi la Mzee Mwasaga na Swali la Jiko

Kumfungia mtu pangaboi Mafinga ni kama kumuuzia samaki mwavuli. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili nyinyi vijana mnaopanda ngazi siku hizi na tochi ya simu na drili isiyo na waya msije mkadhani mzee wenu hakujua. Nilijua. Kila mtu alijua. Mwezi wa saba kule kwetu ukimwaga maji ya kunawa asubuhi unasubiri kidogo uone kama yamefika chini yakiwa bado maji. Hata hivyo, pangaboi la kwanza nililolifunga kwa mikono yangu mwenyewe nililifunga Mafinga, mwezi huo huo wa saba, katika nyumba yenye dari fupi, na nusura linikoseshe mke.

Lakini kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu waliostaafu wanapanda mabasi kwenda kuwasalimu wajukuu. Mimi nimestaafu ili nisipande basi tena. Kwangu safari inaanzia getini. Hata ufundi umeme niliuchagua kwa sababu hiyo. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walitafuta ualimu wa mbali na upolisi wa mbali zaidi, mimi nikajiuliza ni kazi gani inafanyika ndani ya nyumba, karibu na jiko la mtu, ambapo ukiaga unaambiwa, "Fundi, kunywa kwanza chai." Nikaona ni umeme. Nilikosea hesabu moja tu: umeme unafanyika ndani ya nyumba, sawa, lakini juu ya ngazi. Na mimi naogopa urefu. Mpaka leo nikisimama juu ya kigoda nasikia magoti yanashauriana.

Aliyenifundisha ni Fundi Kalinga wa Iringa mjini, marehemu sasa. Alikuwa mrefu, mkavu, na koti lake jeusi hakulivua masika wala kiangazi. Kofia ya pama aliivaa hata akiwa darini kwenye buibui. Hakuwa mwongeaji. Akitaka kusema kitu alianza na "mnyalukolo", yaani ndugu yangu kwa Kihehe, na ukishalisikia neno hilo ujue unakaribia kusemwa.

Somo lake la kwanza lilikuwa fyuzi. Zima meinswichi, chomoa fyuzi, itie mfukoni. "Siyo mezani," alikuwa akisema. "Siyo juu ya kabati. Mfukoni mwako wewe. Maana ukiwa huko juu atatokea shangazi chumbani, ataona redio imenyamaza, atakwenda kuwasha. Sasa fyuzi ikiwa mfukoni mwako, mwache shangazi awashe mpaka achoke." Halafu, hata kama fyuzi unaisikia inakuchoma paja, bado unaweka testa kwenye waya uone kama umeme umekatika, ndipo unagusa.

Somo hilo nililishika mno. Siku moja nilikuwa narekebisha taa kwa familia moja pale Iringa, nikamaliza mapema, nikakumbuka kwamba kuna basi la kwenda Mafinga, na kwamba ukifika Mafinga hukosi lori la Igowole, na kwamba Igowole kwa mama yangu siku hiyo kuna ugali wa ulezi na mboga ya maboga. Nikaondoka. Fyuzi nikaikuta mfukoni nikiwa nimeshanawa mikono. Nikaiweka pembeni ya sahani, nikala nayo inaniangalia. Ile familia walikaa gizani mpaka nilipojikusanya kurudi, na Fundi Kalinga alinipokea stendi.

"Mnyalukolo," akasema, "niliposema fyuzi ikae mfukoni, sikusema iende na kwenu ikawasalimie wazazi."

Somo la pili ndilo lenye hadithi. Pangaboi siyo taa. Taa inaning'inia imetulia kama popo. Pangaboi linazunguka, linavuta, linatikisika, kutwa nzima, mwaka mzima, na kila siku linajaribu kujinasua kidogo. Kwa hiyo kulabu ya taa haibebi pangaboi, msidanganyike hata kama mwenye nyumba anaapa. Kulabu ya pangaboi lazima ibebe kitu kizito mara nyingi kuliko pangaboi lenyewe, na ijaribiwe kabla. Na Fundi Kalinga alijaribu kwa njia moja tu. Alikuwa anakwambia: "Ning'inia."

Yaani fundi aliyefunga kulabu aishike kwa mikono miwili, aachie ngazi, abembee, huku mwenye nyumba anatazama. Mimi kwa kuwa nilikuwa mwembamba kama waya wenyewe, alinifunga na mfuko wa misumari kiunoni ili nifikie uzito wa mtu. Nyinyi msifanye hivyo. Ning'inizeni gunia la mchanga, watu wakae mbali, muende mkanywe chai, mkirudi mlikute pale pale. Siku hizo mchanga ulikuwepo, lakini Fundi Kalinga alisema mchanga hauna aibu. Mtu akikumbuka kwamba ataning'inia mwenyewe, bolti anaikaza kwa moyo wote.

Basi, nikaja kufanya kazi Mafinga. Kulikuwa na kiwanda kidogo cha mbao cha mtu binafsi, chenye injini yake ya umeme, na nyumba za jirani zikaruhusiwa kuvuta waya kutoka hapo. Umeme huo ulikuwa na tabia. Msumeno mkubwa ukianza kupasua gogo, taa za mtaa mzima zinasinzia. Ukikutana na fundo la mti, zinafumba macho kabisa. Msumeno ukisimama, zinafumbuka kwa nguvu mpaka unaogopa. Tulikuwa tunajua hali ya gogo lililoko kiwandani kwa kuangalia taa ya sebuleni.

Zile zilikuwa enzi za bugaluu, suruali inayobana juu na kufagia chini, na viatu vya raizoni vyenye soli kama tofali. Nilikuwa navyo vyote na nilivivaa kazini. Bugaluu ikanasa kwenye ngazi, ikachanika. Nikaipeleka sokoni kwa fundi cherehani, msichana wa Kinyakyusa aitwaye Atuganile, aliyenitazama juu mpaka chini akaniuliza:

"Kaka, hii suruali umeumwa na mbwa?"

"Na ngazi, dada."

"Hiyo ngazi ina akili. Imeona haikupendezi."

Wiki iliyofuata ikachanika tena. Halafu tena. Ya nne, nakiri, niliisaidia kwa koleo.

Baba yake Atuganile ndiye Mzee Mwasaga, dereva wa lori la mbao. Alikuwa anashusha mbao kwa barabara kuu mpaka Mbeya, na njiani alikuwa na kituo chake Igawa, kwa rafiki yake Ngasa. Huyu Ngasa alikuwa mfugaji aliyehamia tambarare za Usangu na ng'ombe zake kutoka kaskazini, kisha akafungua hoteli ya chakula kando ya barabara. Igawa ni joto. Hotelini kwa Ngasa kulikuwa na jenereta, na chini ya bati, juu ya meza ya wageni wa heshima, pangaboi. Kila Mzee Mwasaga akipita, Ngasa anamkalisha chini yake na kumwambia, "Kaa, baba, upate na wewe kupepewa. Kule kwenu najua hamna kitu kama hiki."

Maneno hayo yalimuuma Mzee Mwasaga safari baada ya safari, mpaka siku moja akarudi kutoka Mbeya na boksi refu kwenye lori tupu, akamwambia Ngasa wakati anapita kwamba na yeye amepata lake. Ngasa alicheka, mzee alitusimulia, mpaka akakaa chini.

"Ukilifunga Mafinga, Mwasaga, litakuomba koti!"

"Nitalifunga."

"Na siku ukiliwasha utakimbilia jikoni kwa mkeo!"

"Njoo uone kama nitakimbia, nkamu." Nkamu kwa Kinyakyusa ni jamaa yangu, lakini alivyolitamka siku hiyo lilikuwa na meno.

Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kusema nyumbani kwetu nia yangu ya kumuoa Atuganile, na siku ya posa ilikuwa imepangwa: Jumamosi, baba yangu mdogo aje kutoka Igowole, na mshenga awe Fundi Kalinga, kwa sababu ya koti. Mzee Mwasaga alikuwa anajua. Akaniita.

"Kijana, nasikia wewe ni fundi."

"Shikamoo baba. Ndiyo, najaribu."

"Marahaba. Sitaki wa kujaribu. Hili nataka lizunguke Jumamosi. Ngasa anakuja."

Hapo ningesema, "Mzee, acha nimwite mwalimu wangu." Lakini nilikuwa kijana, Atuganile alikuwa amesimama mlangoni ameegemea, na nilikuwa na raizoni mpya. Nikasema, "Hiyo kazi ndogo tu, baba."

Nikapanda. Dari ilikuwa ya hadibodi, imepigiliwa chini ya vipande vyembamba vya mbao. Kuingia darini kulikuwa na tundu dogo, giza, na mahindi ya Mama Atu, mama yake Atuganile, yamejaa huko yanakaushwa. Nikaona ya nini kuhangaika na mahindi ya watu. Nikagonga hadibodi kwa kidole, nikasikia kipande cha mbao kiko wapi, nikasokota kulabu humo kutoka chini. Ikaingia kirahisi. Vijana, kulabu ikiingia kirahisi, msifurahi.

Fundi Kalinga alifika Alhamisi kwa ajili ya ushenga. Alisalimia, akakaa, akapewa chai, akaangalia juu.

"Mnyalukolo."

Nikasimama wima.

"Vua hivyo viatu. Ning'inia."

Mzee Mwasaga akavuta kiti akae vizuri. Mama Atu akatoka jikoni na mwiko. Atuganile alishika ngazi. Nikavua raizoni, nikafungwa mfuko wa misumari, nikapanda magoti yakishauriana, nikaishika kulabu, nikaachia ngazi.

Nilining'inia kwa muda wa mtu kusema "ehee". Kisha nikasikia mlio kama wa mtu anayechana khanga mpya, na tukashuka wote pamoja: mimi, kulabu, kipande cha mbao, hadibodi nusu ya chumba, vumbi lililoanza kukusanyika huko kabla sijaanza shule, na mahindi. Mahindi hayakuisha haraka. Nilikuwa nimekaa sakafuni mimi na misumari yangu, hindi moja linateremka, linatulia, halafu jingine.

Mzee Mwasaga akaokota hindi moja mapajani mwake, akaliangalia.

"Na huyu ndiye anataka kumuoa binti yangu," akasema. "Hata dari imemkataa."

Nilimtazama Atuganile nikidhani nitaona huruma. Alikuwa amejificha uso kwenye ngazi, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mzee alisimama, akatangaza uamuzi wake kama anasoma taarifa ya habari. Pangaboi litafungwa upya. Jumamosi litazunguka, namba tano, ile ya mwisho. Na mimi, ingawa kwa desturi mposaji hakai kwenye kikao cha kuposewa, siku hiyo nitakaa. Nitakaa chini yake kabisa. "Likiwa juu mpaka mwisho wa mazungumzo, tutaendelea na mazungumzo mengine. Likikushukia, basi, jibu mtakuwa mmelipata, na tutakupeleka hospitali na gari yangu."

Sasa sikilizeni tulivyofanya, maana hivi ndivyo inavyofanywa. Tulihamisha mahindi. Tukaingia darini, mimi kwa tumbo, Fundi Kalinga na pama lake. Tukatafuta kenchi zenyewe, zile mbao nene zinazobeba paa. Kati ya mbili za chini tukalaza kipande cha mbao ngumu, siyo msonobari laini wa kwetu, tukakikaza kila upande kwa bolti zilizopita mpaka ng'ambo, na washa, vile visahani vya chuma, na nati mbili mbili ili ya kwanza ikichoka ya pili iikumbushe. Hapo ndipo tukatoboa tundu la kulabu. Misumari hapana. Msumari ukitikiswa kila siku unatoka wenyewe bila kuaga.

Kisha urefu. Nilimsimamisha Mzee Mwasaga, nikampima, nikaongeza shibiri kadhaa, nikasema inatosha, halimfikii. Fundi Kalinga akanitazama.

"Umepima mtu aliyesimama."

"Ndiyo, fundi."

"Kwetu huku nani anasimama tu? Mpime akivaa koti."

Akavua lake kwa mara ya kwanza machoni pangu, akalivaa tena pale katikati ya chumba. Mikono ikaruka juu, mmoja, halafu wa pili, mirefu kama matawi. Ningekuwa nimefunga kwa kipimo changu, kila asubuhi ya Mafinga ingekuwa na kidole kimoja sakafuni. Ikabidi tulipunguze bomba la kuning'inizia, tukalitoboa upya tundu la kotapini, ile pini ya kupasuka inayozuia bomba lisichomoke, tukaipinda miguu yote miwili. Lakini hatukulipandisha mpaka likabusu dari, kwa sababu mapanga yakikosa nafasi juu yake hayana hewa ya kuvuta, yanapiga kelele tu. Dari ikawa bado fupi, basi misumari ya kutundikia makoti tukaihamisha ikaenda mlangoni, na amri ikatolewa kwamba katika nyumba ile koti linavaliwa mlangoni. Hadibodi iliyoshuka tukaipigilia upya, na waya wa ardhini tukaufunga. Mapanga tukayapima yalingane, kila moja kwenye namba yake, maana ukiyachanganya linacheza kama mlevi.

Nikaning'inia tena. Safari hii nilikaa huko juu mpaka Fundi Kalinga akamaliza chai yake, akaomba ya pili.

Atuganile alikuwa ameshika ngazi wakati wote. Nilipoteremka akauliza:

"Na jiko litakaa wapi?"

"Jiko gani?" nikasema.

"La mkaa. La hapa."

Fundi Kalinga alikuwa anafuta testa. Mzee Mwasaga alikuwa anazungusha swichi ya namba, moja, mbili, tatu, uso unang'aa. Mimi nilikuwa naangalia bolti zangu kwa mapenzi. Hakuna aliyemjibu. Na kila mmoja wetu alikuwa amesimama kwenye lile duara jeusi sakafuni, katikati ya chumba, ambapo jiko la mkaa la nyumba ile lilikaa kila siku ya baridi.

Jumamosi ikafika na ukungu wake. Baba mdogo alikuja kutoka Igowole na blanketi jipya la bibi yake Atuganile, limefungwa kwa kamba. Fundi Kalinga akaja na koti. Ngasa alikuja kutoka Igawa kwa lori, amevaa shati la mikono mifupi, kwa sababu Igawa ndiko alikovalia.

Tukaketi. Mimi katikati, kwenye kigoda, chini ya pangaboi. Salamu zikaenda, "Kamwene!" huku, "Ugonile!" kule. Mzee Mwasaga akainuka taratibu kama mtu anayefungua barabara, akaenda kwenye swichi, akazungusha mpaka namba tano.

Lilizunguka, vijana wangu. Halikuyumba hata kidogo. Nilikuwa na fahari ya dakika nzima hivi. Kisha upepo wa Mafinga, uliokuwa umetulia zake pembeni za chumba, ukaokotwa na kumwagwa vichwani mwetu.

"Unaona?" Mzee Mwasaga akamwambia Ngasa.

"Naona."

"Husikii baridi, nkamu?"

"Mimi?" Ngasa alikuwa ameibana mikono kwapani. "Hapa ni kama niko nyumbani."

"Naweza kupunguza."

"Usipunguze kwa ajili yangu. Labda wewe."

"Mimi niko sawa kabisa."

Wakakaa wakitazamana. Hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza. Fundi Kalinga akaanza maneno ya ushenga, yale ya kuzunguka, kwamba tumeona ua katika boma hili, na sauti ikawa inatetemeka mpaka ua likawa na silabi nyingi. Baba mdogo aliifungua kamba ya blanketi polepole, kama anayelikagua, akalikunjua, akajifunika nalo.

"Hilo si langu?" akauliza bibi kutoka kwenye kona yake.

"Ni lako, mama. Nalipasha."

Kiwandani msumeno ukakutana na fundo. Pangaboi likalegea, tukapumua wote. Niliona midomo ya baba mdogo inatembea. Nadhani alikuwa anaomba Mungu awape mafundo zaidi. Lakini gogo likaisha, msumeno ukasimama, umeme wote wa injini ukatujia sisi. Likanguruma. Vitambaa vya kufuma vya Mama Atu vikaondoka kwenye makochi kimoja kimoja.

"Mama," baba mdogo akaita kuelekea jikoni kwa adabu yote aliyobaki nayo, "samahani, hakuna kamoto kidogo?"

Mama Atu alikuwa jikoni, hajaona lolote. Alisikia mgeni anaomba moto, akafanya alichokuwa akifanya miaka yote: akaleta jiko la mkaa linawaka vizuri, majivu yamejaa chini, akasogeza kigoda changu kwa mguu, akaliweka kwenye duara lake.

Majivu yalipanda kama yameitwa kwa jina. Yalifika juu, yakazungushwa, yakagawiwa kwa haki: kwenye chai, kwenye pama, kwenye blanketi, kwenye meno ya Ngasa aliyekuwa amefungua mdomo kusema kitu. Bibi akapaza sauti, "Kyala!" Mungu wangu. Cheche moja ilitua kwenye bugaluu yangu ikaanza kula kitambaa, nikaipiga, nikaipiga, sikusimama, kwa sababu niliagizwa nikae. Mama Atu akalinyakua jiko akakimbia nalo. Moto ukaondoka. Upepo ukabaki.

Kulipotulia, tulikuwa weupe wote kama tumetoka mashine ya kusaga. Na wale wazee wawili bado wanatazamana.

"Unaona?" akasema Ngasa. Meno yalikuwa yanagongana.

"Naona," akasema Mzee Mwasaga. "Tuendelee. Aitwe binti."

Mnajua desturi. Binti anaitwa mbele ya wageni, anaulizwa kama anawafahamu. Akisema siwafahamu, mnakunjua miguu mnaenda kwenu. Mpaka aseme yeye, maneno yote ya wazee ni kelele tu. Atuganile akaingia na khanga yake, akapiga goti mlangoni, akatutazama. Akanitazama mimi nikiwa na tundu jipya linafuka moshi gotini.

"Mwanangu," Mzee Mwasaga akasema, "wageni hawa unawafahamu?"

Atuganile akaangalia juu, kwenye pangaboi.

"Baba, nitajibu hilo likizimwa."

Fundi Kalinga akakohoa majivu. Baba mdogo aliivuta pembe ya blanketi mpaka puani. Mzee Mwasaga akamtazama binti, akamtazama Ngasa, akaangalia juu. Mimi nilikuwa nahesabu bolti moyoni. Sikuwa na wasiwasi na bolti. Nilikuwa na wasiwasi na shingo ya mzee, ambayo ilikuwa ngumu kuliko kenchi zake.

"Hili sharti umelipata wapi wewe?" akauliza.

"Swali la jiko niliuliza Alhamisi, baba, hamkunijibu. Na mimi leo nasubiri."

Ngasa ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka akitetemeka, majivu yanadondoka kifuani. "Mwasaga," akasema, "mtoto amekushinda kwa niaba yangu." Mzee akajaribu kukaza uso, ukamponyoka. Akanigeukia.

"Zima," akasema. Akasita. "Zima, mkwe."

Niliinuka kwenye kigoda kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, miguu imekufa ganzi, nikaenda kwenye swichi. Mapanga yakazunguka polepole, yakasimama. Juu hapo, imara kabisa. Hata hadibodi haikulia.

"Sasa naona nyuso," Atuganile akasema. "Namfahamu mmoja. Yule wa suruali iliyoungua. Ni mteja wangu."

Posa zetu huchukua siku nzima, wakati mwingine mnaambiwa mrudi mwezi ujao. Ile iliisha kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu kila mtu alikuwa anakubali kila kitu huku anaangalia mlango wa jikoni. Tulimalizia yaliyobaki tumezunguka moto wa Mama Atu, Ngasa akiwa ndani ya koti la Mzee Mwasaga, na bibi amelichukua blanketi lake.

Arusi ilipofika, Mzee Mwasaga alitupa zawadi kwenye boksi refu. Alisema kule kwake limeshamaliza kazi.

Lipo sebuleni kwangu mpaka leo. Vijana wanaokuja kunitembelea wanauliza kwa nini mzee wa Mafinga ana pangaboi, nawaambia, panda uone kenchi, bolti zimepita mpaka ng'ambo, na kwenye kulabu nilining'inia mwenyewe bila msaada wa misumari, maana siku hizi uzito ninao. Mama watoto anakaushia soksi kwenye mapanga. Chini yake, katikati ya chumba, kuna jiko la mkaa, linawaka sasa hivi ninapoandika, na dirisha tumeliacha wazi kidogo kwa ajili ya moshi wake.

Fyuzi ya pangaboi ninayo hapa, mfukoni.